Kusimulia, Kueleza na Kuonyesha: Funzo la Riwaya za Ukerewe

Katika semina za uandishi wa hadithi kuna agizo moja ambalo mwandishi chipukizi hulipokea kabla hajaimaliza sura ya kwanza ya riwaya yake: onyesha, usisimulie. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema. Anayelitoa amechoshwa na hadithi ambazo mhusika huitwa katili katika mstari wa kwanza, na hafanyi ukatili wowote mpaka ukurasa wa mwisho. Amechoshwa pia na zile aya za kufungia ambazo humkumbusha msomaji, kana kwamba alikuwa amelala, kwamba ulevi ni mbaya na subira huvuta heri. Hapana shaka kwamba dawa ilihitajika. Lakini dawa ikizidi kipimo huwa sumu, na dalili za sumu hiyo zimeanza kuonekana. Kijana aliyelelewa kwa ngano za bibi yake, huko Mwanza au kwingineko, huanza kuionea haya sauti ile ile iliyompa hamu ya kuandika. Hufuta kila sentensi inayosimulia. Hadithi yake hubaki na milango inayofunguliwa, vikombe vinavyowekwa mezani na watu wanaotazama nje dirishani, huku msomaji akijiuliza watu hao ni akina nani na kwa nini awajali.

Jambo hili halihusu ufundi peke yake. Ikiwa kusimulia ni kosa, basi sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili imejengwa juu ya kosa, na wahenga walioibeba kwa vinywa vyao walikuwa wanafunzi walioshindwa mtihani. Kabla ya kuafiki hukumu nzito namna hiyo, yafaa agizo lenyewe lichunguzwe, kisha lipelekwe mbele ya riwaya zilizotoka katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria, zione nazo zina ushahidi gani wa kutoa.

Tatizo la kwanza ni la tafsiri. Kitenzi cha Kiingereza ambacho hufasiriwa "kusimulia" katika agizo hilo kimebeba mzigo ambao Kiswahili huugawa kwa vitenzi vitatu. Kusimulia ni kupanga matukio, hili kisha lile, kwa sauti ya mtu anayejua yalikoishia. Kueleza ni kumfanya msikilizaji afahamu sababu, desturi au maana ya jambo. Kuhukumu ni kumwambia aone vipi: huyu ni mwema, yule ni mbaya, na ninyi vijana jihadharini. Mambo hayo matatu hayafanani. Msimulizi hodari wa ngano huigiza sauti ya fisi, huchechemea kama sungura aliyeumia, hunyamaza palipo na hofu, na wakati wote huo anasimulia. Hapo kusimulia na kuonyesha ni tendo moja. Kinachomchosha msomaji wa riwaya ni hukumu iliyotangulia ushahidi, na mara nyingine ni maelezo yaliyowekwa pasipohitajika. Agizo lililofasiriwa kwa haraka limemkamata asiye na hatia na kumwachia huru mwenye kosa.

Tatizo la pili ni la historia. Agizo hili hutolewa kana kwamba ni kanuni ya maumbile, ilhali lina umri na lina wazazi. Tofauti baina ya mtunzi anayesema kwa sauti yake mwenyewe na mtunzi anayeigiza sauti za wengine iliandikwa na Plato katika kitabu cha tatu cha Jamhuri. Katika karne ya ishirini, Mwingereza Percy Lubbock, katika kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya ufundi wa riwaya, aliitukuza njia ya Henry James ya kulifanya tukio lijitokeze lenyewe mbele ya msomaji bila mwandishi kusimama katikati. Miaka 40 baadaye, mwaka 1961, Mmarekani Wayne Booth alijibu kwamba mwandishi hawezi kujificha. Hata akikaa kimya, yeye ndiye aliyechagua tukio gani lionekane na lipi liachwe, na uchaguzi huo nao ni usemi. Kwa hiyo hata huko agizo lilikotoka, lilikuwa ni upande mmoja wa mjadala ambao haujafungwa.

Waswahili nao walikuwa na mizani yao. Mtunzi wa utendi huanza kwa kumtaja Mola, akaagiza wino na karatasi, akaeleza kwa nini ameamua kutunga. Huko ni kusimulia kusikojificha. Lakini afikapo penye mapigano au penye kilio, huwaachia wahusika waseme wenyewe, beti kwa beti, kwa majibizano makali. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, amewapa wahusika wake majina ambayo ni hukumu tupu: mshtakiwa ni Karama na mshtaki ni Majivuno. Msomaji ameshaambiwa nani wa kupendwa kabla hajaona kitu. Hata hivyo kitabu hakifi, kwa sababu Karama anapopewa nafasi ya kujitetea hatoi hotuba ya haki peke yake. Anawasimulia wajumbe waliotumwa, safari zao na malipo waliyoyapata waliporudi. Hukumu iliyokuwa katika jina inatafutiwa ushahidi katika simulizi.

Hapo ndipo kisiwa cha Ukerewe kinapoingia. Kisiwa hicho, ambacho msafiri hukifikia kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, ni kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Viktoria, lakini ni kidogo mno kwa mchango kilioutoa katika riwaya. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa mtu wa huko. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, ni wa huko. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, alikuwa wa huko. Ruhumbika ameandika riwaya kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na ndiye aliyekitia kitabu cha Kitereza katika Kiingereza mwaka 2002. Wawili waliobaki, Kitereza na Kezilahabi, ndio wenye ushahidi mzito zaidi katika kesi hii, kwa kuwa wameshika ncha mbili za kamba moja.

Kitereza aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, wakati Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Akaifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Kitabu kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, na jina hilo refu ni muhtasari wa habari yake: mume na mke waliokosa mtoto, kisha mwana na binti waliopatikana baada ya taabu.

Mwalimu wa semina akiisoma riwaya hii kwa kipimo cha agizo lake, ataitia wino mwekundu kila ukurasa. Kitereza anaeleza. Anaeleza jinsi ya kuamkiana, jinsi ya kuketi ukweni, jinsi ya kutengeneza pombe ya ndizi tangu ndizi zinapovundikwa hadi kinywaji kinapokuwa tayari, jinsi mganga anavyofanya kazi, jinsi mtoto anavyopewa jina. Alikusudia kuyahifadhi maisha ya Wakerewe wa kale, lugha yao na desturi zao, na wala hakulificha kusudi hilo. Kwa wasomaji wengi wa leo, kurasa hizo ndizo za kurukwa.

Wanaozirusha wanaukosa moyo wa kitabu. Myombekere ananyang'anywa mkewe na wakwe zake kwa sababu nyumba haina mtoto na ndugu zake mume wameshaanza maneno. Ndugu hao wangependa atafute mwanamke mwingine. Yeye anamtaka Bugonoka. Anakwenda ukweni kuomba, anakwenda tena, na mwishowe anatakiwa alete mitungi ya pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke. Kitereza hakai chini kutangaza kwamba mtu huyu anampenda mkewe kwa mapenzi yasiyo na kifani. Anaionyesha nyumba isiyo na mke jinsi inavyomlemea mume, kazi ambazo desturi ilimpa mwanamke zikimwangukia yeye. Kisha anaeleza pombe. Msomaji anazifuata ndizi, siku za kungoja, mikono ya watu walioitwa kusaidia, na kila hatua iliyoelezwa ni kipimo cha kiasi gani mwanamume huyu yuko tayari kutaabika. Maelezo yamegeuka kuwa onyesho. Lau yangefutwa, ingebaki sentensi moja kwamba alipeleka pombe akarudishiwa mkewe, na mapenzi yangetoweka pamoja na kazi.

Funzo la kwanza la Ukerewe basi ni hili: kueleza kazi, desturi na vitu hakumchoshi msomaji ikiwa maelezo hayo yamebebwa na haja ya mhusika. Maelezo ya pombe yangekuwa mzigo kama yangetolewa na mtalii. Yanatolewa wakati ambapo mtu anamtaka mkewe, na pombe ndiyo njia ya pekee ya kumfikia. Hilo halimwondolei Kitereza lawama zote. Zipo sehemu ambamo desturi inaelezwa na hakuna mhusika anayeihitaji wakati huo, na hapo hadithi hutulia kama mtumbwi usio na upepo. Lakini kosa hilo ni la mahali pa kuweka. Tendo la kueleza halina hatia.

Ncha ya pili ya kamba ameishika Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wakazi wa Namagondo. Baba ni mlevi na mkali. Anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, anampiga kipigo kisichosahaulika. Rosa anakua katika woga wa wanaume, na anapokuwa mbali na macho ya baba, woga unapinduka kuwa kinyume chake. Mwisho wake ni kujiua, baada ya Charles, aliyekuwa tayari kumwoa, kumkataa kwa kuwa hakumkuta bikira.

Tukio la kipigo ni moja ya matukio yaliyoonyeshwa vizuri kabisa katika riwaya ya Kiswahili. Msomaji akishaliona hahitaji tena kuambiwa chanzo cha anguko la Rosa ni nini. Hata hivyo anaambiwa. Mara kwa mara msimulizi hujitokeza kutoa maoni juu ya malezi, juu ya wazazi wanaowafungia mabinti, juu ya wanaume wenye vyeo. Sauti hiyo ina hekima yake, na katika mwaka 1971 palihitajika ujasiri kuitoa. Lakini kila inapojitokeza baada ya tukio lililotosha, humnyang'anya msomaji kazi aliyokuwa ameshaianza. Anayekuwa karibu kulia huambiwa kwa nini alie, na machozi hukauka.

Kuna jambo lingine katika historia ya kitabu hicho ambalo halina budi kutajwa, maana linaonyesha nguvu iliyomo katika kuonyesha. Rosa Mistika ilizuiwa shuleni kwa muda, ikaja kukubaliwa baadaye. Yafaa kujiuliza kilichozuiwa ni nini. Mafunzo ya kitabu yangeweza kusomwa katika mimbari yoyote: wazazi wawalee watoto kwa busara, wenye vyeo wasiwaharibu wasichana. Hakuna mwalimu ambaye angeyakataa. Kilichowatisha watu ni vitanda, mimba na damu, mambo ambayo kila kijiji huyajua na hakuna anayeyasema hadharani. Kama Kezilahabi angesimulia kwa sentensi moja kwamba msichana huyo alipotoka, kitabu kingepita bila kelele. Alionyesha alivyopotoka na waliompotosha, kikasimamishwa mlangoni. Jamii husamehe hukumu kwa urahisi, kwa kuwa hukumu huwaangukia wengine. Onyesho humlazimisha mtu kujitambua.

Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, Kezilahabi alipata njia ya kuuondoa mgogoro huo. Hakuacha kuhukumu, aliihamisha hukumu. Msimulizi sasa ni Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, mhusika kama wahusika wengine. Riwaya inafunguka akiwa anangoja nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, ambaye wamefahamiana tangu utotoni. Kungoja huko kunaonyesha kila kitu kuhusu cheo, elimu na urafiki uliokufa, na hakuna mahubiri yanayofuata. Baadaye Kazimoto anasema mengi, tena makali, juu ya maisha, Mungu, wanawake na kijiji. Lakini maneno hayo ni yake, nayo ni sehemu ya ugonjwa wake. Msomaji hupewa uhuru wa kuyapima, kuyakataa, hata kumwonea huruma anayeyasema. Usemi ule ule ambao kinywani mwa msimulizi wa Rosa Mistika ungekuwa mahubiri, kinywani mwa Kazimoto umekuwa onyesho la mtu anayezama.

Kezilahabi hakuishia hapo. Katika Nagona na Mzingile, zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliondoa karibu maelezo yote. Msomaji huingizwa katika nchi ya ndoto na magofu bila ramani. Wapo waliofurahi na wapo waliokiweka kitabu chini wakilalamika kwamba hawakuelewa. Malalamiko hayo yasidharauliwe, kwa kuwa ni ushahidi kwamba kuonyesha nako kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na msomaji. Mtunzi anayeondoa maelezo yote huchagua pia nani abaki nje ya mlango.

Kuna gharama nyingine ya kuonyesha, nzito kuliko hiyo, na mfano wake uko ng'ambo ya maji, katika jiji la Mwanza. Ni mfano wa filamu, lakini yafaa utajwe kwa sababu filamu hiyo ilifanya kwa ukamilifu kile ambacho agizo la semina linakidai. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na pembezoni mwa ziwa. Haina sauti ya msimulizi. Inaonyesha ndege za mizigo zikitua, minofu ya sangara ikipakiwa, watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili, na mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa, yakianikwa kwa ajili ya chakula cha wasio na uwezo. Karibu na mwisho, rubani mmoja anakumbuka jinsi alivyowahi kupeleka silaha Angola na kurudi na zabibu. Mwaka 2006 filamu iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Katika mitaa ya Mwanza watu waliandamana kuipinga.

Walioisifu walisema kamera haikuongopa, na walikuwa na haki, maana umaskini ule ulikuwapo. Walioilaani walisema imetoa picha kwamba jiji zima linaishi kwa mapanki na kwamba kila ndege ya minofu hufika na bunduki. Nao walikuwa na sababu. Filamu haikulitamka jambo hilo moja kwa moja. Iliziweka picha na maneno ya watu karibu karibu, ikamwachia mtazamaji aunganishe. Hapo ndipo penye hatari. Anayesimulia kwamba ndege hizi zilileta silaha anaweza kuulizwa: ni ndege ipi, siku gani, shahidi ni nani? Amejifunga kwa neno lake. Anayeonyesha ana mlango wa kutokea. Hujibu kwamba yeye hakusema kitu, mtazamaji ndiye aliyesema. Agizo la semina husifu uhuru wa mtazamaji, lakini halitaji kwamba uhuru huo unaweza kuwa maficho ya mtunzi. Kusimulia kuna heshima hii: msimulizi husimama hadharani na kulibeba neno lake.

Mwandishi wa riwaya hawezi kulikwepa fundisho hilo kwa kusema kwamba yeye hutunga mambo ya kubuni. Mpangilio wa matukio katika riwaya hushuhudia na kushtaki kama mpangilio wa picha. Mtunzi anayemwonyesha mwanamke akitoka nyumbani usiku, kisha akaonyesha mtoto mgonjwa asubuhi, ameshamlaumu mama huyo bila kutumia neno la lawama. Kama anakusudia lawama, aiweke mahali inapoweza kujibiwa. Kama hakusudii, aonyeshe pia alikokwenda mama huyo usiku ule.

Limebaki jambo moja ambalo ziwa lenyewe hulifundisha, nalo ni stara. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, wakafa zaidi ya watu 200. Katika familia za pwani ya ziwa, misiba hiyo husimuliwa. Husimuliwa nani alikuwa akirudi kutoka gulioni, nani aliachwa na meli kwa kuchelewa, nani alitambuliwa kwa nguo. Mengine hayaonyeshwi. Watu hao hawakosi uwezo wa kuona. Waliona kuliko walivyotaka. Sentensi fupi ya kusimulia, kwamba walimpata siku ya tatu, huwafunika wafu na huwaheshimu walio hai. Mwandishi atakayeamua kuandika juu ya misiba hiyo, akiwa ameshika agizo la kuonyesha kila kitu, ataelezea miili majini kwa kurasa kumi na kuuita huo ufundi. Atakuwa amevunja adabu ambayo kila msimulizi wa mkekani anaijua: kuna mambo ambayo msikilizaji huonyeshwa mlango tu, naye huona yaliyo ndani.

Kwa hiyo mizani haihusu wingi, kana kwamba riwaya njema iwe na nusu ya hili na nusu ya lile. Mtunzi anapofika mahali pa kuchagua, anaweza kujiuliza mambo matatu. Je, msomaji amekwisha kuona ya kutosha kuamua mwenyewe? Kama ndiyo, hukumu ikae kimya. Hilo ndilo kosa la Rosa Mistika na ndilo lililosahihishwa na Kichwamaji. Je, kuna mhusika anayelihitaji jambo hili linaloelezwa? Kama yupo, lielezwe kwa urefu unaostahili, kama pombe ya Myombekere. Je, kuonyesha hapa kunamsaidia msomaji kuona, au kunamsaidia mtunzi kukwepa kusema? Kama ni kukwepa, aseme.

Sehemu ya lawama iwaangukie wahakiki na walimu pia. Kwa miongo mingi riwaya zimefundishwa kwa mtindo wa kuchambua fani na maudhui, na wanafunzi wengi wameishia kujua kazi moja ya riwaya, nayo ni kuorodheshwa dhamira na ujumbe ili ijibiwe katika mtihani. Mwandishi aliyesoma hivyo huandika hivyo. Huanza na ujumbe, kisha huutafutia watu wa kuubeba. Semina inapokuja kumwambia aache kusimulia, hutibu jani na kuuacha mzizi. Atajifunza kuuficha ujumbe ndani ya vikombe na madirisha, lakini bado atakuwa ameanza na ujumbe.

Wavuvi wa ziwa hufunga maboya juu ya wavu na mawe chini yake. Wavu wenye maboya matupu huelea juu ya maji na hausumbui samaki. Wenye mawe matupu hulala topeni. Ni vigumu kusema kipi kati ya hivyo viwili ndicho kinachovua. Kitereza alisubiri miaka 35 ili kitabu chenye maelezo ya kutengeneza pombe kiwafikie wasomaji wa Kiswahili. Laiti angekisalimisha kwa agizo la leo, wangebaki na habari ya mtu aliyekwenda ukweni akarudi na mkewe, na wasingejua kamwe ilimgharimu nini.